Skrubu Yako Haikuua Injini Ile

Mwadila, mayu.

Nimeanza na salamu ya jioni ya nyumbani, na kukuita mama kwa lugha yetu, kwa sababu salamu za Kiswahili nimezimalizia kwa wateja leo. Mama yako yuko jikoni anakufungia viazi vikavu, michembe ya kulisha basi zima. Mambo ya kula, ya kulala, ya kuvaa sweta maana Dodoma asubuhi kuna baridi, yote ameshakuambia, na kesho atayarudia mpaka dereva apige honi. Mimi huko sina langu. Nimefunga gereji mapema, wewe ukiwa Mkula kumuaga bibi yako, nikakaa kwenye lile benchi la ndani na daftari la kuandikia vipuri. Nimeona niandike ukiwa haupo. Ukiwa mbele yangu ulimi unakuwa mzito, nawe unanijua, nikizidiwa naanza kuuliza spana namba kumi iko wapi.

Nimechoka, Minza. Kazi haijanichosha, kazi nimeizoea. Nimechoka kubeba neno moja tangu msimu wa ngoma wa mwaka juzi. Kesho unakwenda kuuza vitenge dukani kwa shangazi yako, wewe ambaye ulikuwa ukisikia pikipiki barabarani unataja ugonjwa wake kabla haijafika kona. Unaondoka ukiamini kwamba uliua injini ya Manju Jilala, yule kiongozi wa ngoma, na kumvunja bega yule mpwa wake, Sita. Hukuiua. Niliiua mimi. Nataka ulijue hilo kabla hujapanda basi.

Sasa nimelisema. Haya, nieleze vizuri.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa darasa la tano, unakuja hapa na sare ya shule, mama yako anapiga kelele kwamba grisi haitoki kwenye kola. Nilikufundisha kusoma plagi kabla hujajua kushika nyundo. Nilikuambia, plagi ndiyo ulimi wa injini, mgonjwa anaambiwa atoe ulimi. Ikiwa nyeusi, mafuta yamezidi. Ikiwa na rangi ya karanga iliyokaangwa, injini ina afya. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na mafuta hayatoshi, injini inaungua yenyewe ndani kwa ndani. Ulilishika somo hilo siku hiyohiyo. Wanaume wazima nimewafundisha mwaka mzima hawakulishika. Nilijivuna sana, ila sikukuambia, nilidhani sifa zinamharibu mtoto.

Huo ujinga niliutoa kwa fundi aliyenifundisha mimi, kule Mwanza nikiwa kijana. Mzee yule alikuwa na kauli moja: fundi hakosei, kifaa ndicho kibovu. Siku moja alisahau kufunga boliti ya kutolea oili, gari la watu likaenda, injini ikakwama, ikanoki njiani. Akasema oili ilikuwa feki. Mteja akaamini, sisi vijana tukacheka, tukamwona mjanja. Mimi nilitoka pale na ufundi wake na uongo wake pia, vyote nikavileta Bariadi. Miaka yote hiyo nilidhani nimeleta ufundi peke yake.

Sasa tuje kwenye hiyo pikipiki ya Jilala, ya matairi manne.

Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa umeinamia kazi, hukuiona sura yangu. Manju Jilala aliinunua kwenye kambi moja ya watalii huko ziwani, ikiwa imechakaa lakini injini nzima. Pamba ilikuwa imeshatoka shambani, ngoma zinakaribia, na kundi lake lilikuwa limeshindwa miaka miwili mfululizo na kundi la wale wacheza na chatu. Unajua mashindano yetu yalivyo. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hakuna hakimu wa kukaa kwenye kiti. Watu wakihamia kwako umeshinda, wakihamia kule umekwisha. Wengine wanatafuta dawa, wengine wanaleta nyoka, mwingine aliwahi kumvalisha fisi shanga. Jilala akasema yeye ataleta chuma kinachonguruma.

Alikuja hapa na watu wake sita na ekzosi kubwa ya kung'aa aliyoinunua Mwanza, imefunguka kama mdomo wa ndoo. Akasema, "Fundi Maduhu, nataka mtu aliyeko Mkula asikie mlio, aniulize hicho ni nini." Wakacheka wote. Nikacheka na mimi. Moyoni nilikuwa sijawahi kubadilisha ekzosi ya namna ile hata siku moja. Mimi ni fundi wa bodaboda, ninarudisha vitu kama vilivyotoka kiwandani. Nilitakiwa kusema hivyo. Ni maneno machache tu: hili sijalifanya, nipeni siku mbili niulize. Nilishindwa kuyasema mbele ya watu sita.

Tukafunga ekzosi. Tukawasha. Eeh, mama! Kuku wa jirani waliruka ukuta. Na ukiachia mafuta ilikuwa inapiga pa! pa! pa! huko nyuma, wale watu wakashangilia wakarusha kofia. Wewe hukushangilia. Ulisubiri ipoe, ukafungua plagi, ukaniletea kwenye kiganja. Ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo.

Ukasema kwa sauti ya chini, wasisikie, "Baba, inapumua sana sasa. Mafuta ni yaleyale ya zamani. Tubadilishe jeti, tuweke ya tundu kubwa, na sindano yake tuipandishe, ipitishe mafuta zaidi."

Ulikuwa umesema yote. Mimi leo nikikaa na mwanafunzi nikitaka kumweleza habari ya kabureta na ekzosi iliyofunguka, naazima maneno yako yaleyale. Jeti ni kile kitundu cha shaba kinachopitisha mafuta, moshi ukitoka kwa urahisi hewa inaingia nyingi, kwa hiyo na mafuta lazima yaongezwe, la sivyo moto unakula pistoni. Mtoto wa miaka kumi na minane alijua. Na ukaongeza, "Jeti tunaagiza Mwanza, kesho kutwa iko hapa."

Nikakujibu kwa sauti ya juu, ili wao wasikie. Nilisema, "Nani fundi hapa? Tumebadilisha bomba, hatujabadilisha injini. Legeza hiyo skrubu ya pembeni ya kabureta mpaka mizunguko miwili na nusu, tumpe mwenyewe mali yake." Wale wakacheka tena, mmoja akasema binti anataka kumfundisha baba yake. Wewe ukachukua bisibisi, ukalegeza. Nilikuona unahesabu kwa midomo.

Uwanjani Ngulyati nilikuwepo. Sitaki kuandika mengi. Mwanzo watu walimiminika kwetu, hata wale wa chatu wakaacha kupiga ngoma wakashangaa. Sita alizunguka uwanja mara ya kwanza, ya pili, vumbi juu, akinamama wanapiga vigelegele. Mzunguko wa tatu alifungulia mafuta yote. Nikasikia ule mlio ukibadilika, ukawa mwembamba na mkavu. Nilijua, Minza. Nilijua kabla haijanoki, kama mtu anavyoona gilasi inaanguka mezani na mkono wake uko mbali. Injini ikashika, matairi ya nyuma yakagoma, kijana akaruka juu ya usukani akaangukia bega. Watu wakakimbia kumtazama, halafu chatu akatolewa kwenye gunia, wakahamia kule. Kundi la Jilala likabaki na ngoma zao na chuma kinachofuka moshi.

Kesho yake walikuja hapa. Hawakuja kwa ugomvi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Manju aliuliza swali moja tu: "Fundi, nani aliigusa kabureta?"

Swali hilo lilikuwa na mlango wa kutokea, nikauona, nikapita. Nikasema, "Huyu binti ndiye alichezea skrubu." Tena nikajifanya naona huruma, nikaongeza, "Bado anajifunza, msimlaumu sana." Ulikuwa umesimama pale penye pampu ya upepo. Ulinitazama. Sijui ulinitazama kwa muda gani, mimi nilikuwa natafuta kitambaa cha kufutia mikono ambayo haikuwa na uchafu. Halafu ukasema, "Nisameheni," ukatoka.

Na jioni nyumbani, ili uongo usimame vizuri, niliuongezea mguu. Nikakuambia labda uligeuza kinyume, labda ulikaza badala ya kulegeza. Ukasema, "Labda, baba."

Sikiliza sasa yale ambayo hukuyaona. Nilipofungua kabureta ile, peke yangu, kitu cha kwanza nilipima skrubu yako. Mizunguko miwili na nusu, haikupungua wala haikuzidi. Na hata kama ungekosea, skrubu ile kazi yake ni pikipiki ikiwa imesimama inanguruma taratibu. Mtu akifungulia mafuta yote, skrubu haina neno tena, mwenye neno ni jeti. Jeti ilikuwa ileile ndogo ya kiwandani. Sindano ilikuwa kwenye ngazi yake ya zamani. Pistoni imeyeyuka juu. Kila kitu ulichosema kilikuwa kimelala pale mezani, hakuna cha kubishia.

Nikaagiza Mwanza jeti ya tundu kubwa. Nikapandisha sindano ngazi moja. Nikaweka pistoni mpya, nikaizungusha mpaka barabara ya Lamadi nikarudi, nikatoa plagi, rangi ya karanga. Kazi yako, Minza, mwanzo mpaka mwisho, kwa mikono yangu. Manju akaja kuichukua, akawasha, akasema, "Ndiyo maana tunasema fundi ni fundi." Nami nikasema ahsante! Nilipokea sifa ya dawa yako, niliyoikataa mwenyewe, mbele ya watu walewale.

Baada ya hapo uliona mwenyewe. Bodaboda wakawa wanasema, "Mzee, nifanyie wewe, siyo binti." Walikuwa wanasema wewe ukisikia. Mimi ningeweza kulinyamazisha jambo lile kwa sentensi moja. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo, na kila jioni nasema kesho, mpaka siku moja ukaja kuchukua ovaroli yako ukaifue, haikurudi tena. Watu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka miwili, na bado nilikuwa naona mbele kuna barabara.

Ukinitaka ushauri, sina mwingi. Ukikosea huko dukani, ukikata kitambaa cha mtu vibaya, sema palepale mkasi ukiwa bado mkononi. Uongo ukilala nyumbani usiku mmoja, asubuhi una kiti chake, na wewe ndiye unaanza kuupisha. Na mtu akikuambia fundi hakosei, mkimbie, hata kama ni baba yako.

Nilifika hapo, nikataka kukunja karatasi. Nilikuwa nimepanga kukupa stendi, uisome ukiwa njiani, mimi nikiwa nimeshageuka. Halafu nikajitazama na nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilikusingizia kwa mdomo, mchana, mbele ya watu. Na sasa nataka kukusafisha kwa karatasi, kwa siri, wewe ukiwa ndani ya basi. Maduhu, nikajiambia, hata hapa unatafuta mlango.

Nikatia kalamu mfukoni, nikaenda kwa Manju Jilala. Nimerudi sasa hivi, ndiyo maana unaona wino umebadilika, kalamu ile nimeiangusha njiani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anawamba ngoma na vijana wake, Sita naye akiwepo. Walinipa kigoda, sikukaa, nilijua nikikaa tutaanza habari za mvua. Nikasema nikiwa nimesimama. Nikasema injini ile niliiua mimi, binti yangu aliniambia nibadilishe jeti nikakataa kwa kuwaogopa ninyi, na yote niliyosema siku ile gerejini ni uongo. Nikamgeukia Sita, nikamwomba radhi ya bega lake.

Nilidhani nitapigwa, na kusema kweli ningependa.

Manju akaendelea kuvuta ngozi, akasema, "Fundi, hilo mbona tunalijua."

Nikamwuliza mnalijua vipi.

"Binti yako alikuja uwanjani asubuhi ile ya ngoma, kabla hujafika," akasema. "Alikuja kwa miguu kutoka mjini. Akaniambia, manju, msiifungulie mafuta yote, itaungua, pigeni kelele mkiwa mmesimama tu. Nikamwuliza, baba yako anajua? Akasema, anajua, ila aliona haya mbele yenu. Mimi nikamfukuza. Nikamwambia mtoto hasemi habari za baba yake uwanjani."

Sita akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Na mimi aliniambia, mzee. Nikaona ni mwanamke tu."

Nikasema, basi mbona siku ile gerejini mlinyamaza? Mbona mliniacha niseme?

Manju ndipo akaweka ngozi chini. Akasema, "Nilikuuliza nani aligusa kabureta ili uniambie wewe mwenyewe. Ulipomtaja yeye, nikamtazama, nikangoja ajitetee. Akasema nisameheni. Nikaona kama mwenye haki yake ameamua kuiacha, mimi ni nani? Jioni akaja hapa, akaomba kitu kimoja. Nisikwambie kwamba alikuja uwanjani."

Nilitembea kurudi huku sioni njia. Waendesha bodaboda walinisalimu, sikumbuki kama niliitikia.

Kwa hiyo ulijua, Minza. Ulijua siku ileile, ulijua ulipohesabu mizunguko kwa midomo, ulijua uliposema "labda, baba". Miaka miwili umekula na mimi meza moja ukijua. Mimi nilikuwa nikikutazama ukipita nikisema masikini, anajilaumu, siku moja nitamtua mzigo. Nilikuwa nimeuweka ukweli kama zawadi ya safari. Kumbe uko nao tangu zamani, na umeufunika kwa mikono yako ili watu wasinione uchi.

Sasa naelewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia, wala wewe hutaniambia kamwe, nakujua. Huogopi kabureta. Hukuacha ufundi kwa sababu ya kejeli za bodaboda. Unaondoka kwangu. Umengoja miaka miwili niseme, kila siku ukiwa hatua kumi kutoka hapa, umengoja mpaka umechoka, ndipo ukamwandikia shangazi yako.

Inauma, mayu. Inauma kuliko nilivyodhani ningeumia leo nikianza kuandika. Na sina haki ya kukuambia inauma, lakini nimesema leo sifichi.

Sikuombi ubaki. Nikikuomba, utabaki, kwa sababu ndivyo ulivyo, na nitakuwa nimekuibia mara ya pili. Nenda. Uuze vitenge, au upite gereji yoyote huko Dodoma uwaambie una miaka minane ya kazi na kabureta hukosei. Lolote utakalotaka. Manju amesema ngoma za mwaka huu atasimama katikati ya uwanja aseme ni nani aliyejua dawa ya chuma chake. Nimemwambia asiseme yeye. Nitasema mimi, kwa kipaza sauti chao.

Mama yako simwambii leo, nitamwambia kesho basi likishaondoka, nipate kipigo changu kwa utulivu.

Barua hii nitakupa mkononi leo ukirudi, na jambo moja tu nakuomba kwa asubuhi. Tangu ulipojua kutembea umekuwa ukinisalimu kwa kupiga goti, kama mama yako alivyokulea na kama binti yeyote wa hapa anavyomsalimu baba yake. Hata baada ya siku ile gerejini, kesho yake asubuhi, ulipiga goti ukaniambia mwangaluka baba, nami nikaitikia. Kesho stendi usinipigie goti, Minza. Nisalimu ukiwa umesimama.

Baba yako,
Maduhu